Kutch: Wilaya Inayosomwa kwa Chumvi na Maji Baridi

Hii ni hotuba iliyotolewa mbele ya waalimu wa jiografia wa Pwani na wanafunzi wao. Tunaiweka hapa nzima kwa ajili ya waliokosa kufika. Ramani na picha zilizoonyeshwa ukutani zimeachwa.

Waalimu wangu, wazee wetu mliotutangulia, na nyinyi vijana mliokaa huko nyuma, asalaam aleikum na habari za asubuhi.

Nianze na neno moja: laki. Mtu akikuambia kiwanja kimeuzwa laki nane, huendi kufungua kamusi. Neno hilo lilivuka bahari kutoka India, kama lilivyovuka gari, bima na chapati. Na huko kaskazini-magharibi ya India, karibu kabisa na mpaka wa Pakistan, kuna mji uitwao Lakhpat. Wenyeji husimulia kwamba uliitwa hivyo kwa sababu bandari yake ilikuwa ikiingiza laki moja ya kori kwa siku, kori ikiwa sarafu ya ufalme wa Kutch. Leo ukienda Lakhpat utaona ukuta wa ngome wa kilomita 7 hivi, na ndani ya ukuta huo mkubwa wanakaa watu mia chache. Bandari ipo, maji hayapo. Mto ulikwenda wapi?

Kutch, ambayo wenyewe huandika Kachchh na sisi Pwani tumezoea kuisikia kama Kachi, ni wilaya ya jimbo la Gujarat. Kwa eneo ndiyo wilaya kubwa kuliko zote India: zaidi ya kilomita za mraba 45,000. Burundi nzima ingeingia humo na nafasi ikabaki. Tropiki ya Kansa inaipitia. Sensa ya 2011 ilihesabu watu 2,092,371, yaani watu 46 hivi kwa kila kilomita ya mraba, katika nchi ambayo sisi tumezoea kuifikiria kuwa imesongamana. Makao makuu ni Bhuj, na chini yake kuna taluka 10, ambazo Tanzania wangeziita tarafa. Lugha ya nyumbani ni Kikachi, ndugu yake Kisindhi. Shuleni na ofisini ni Kigujarati.

Vitabu vingi vya shule huimaliza Kutch kwa neno moja, jangwa, vikafunga ukurasa. Mimi nasema neno hilo halitoshi. Kutch utaielewa ukijua, kila mahali unaposimama, maji baridi yako wapi, chumvi iko wapi, na ni nani ajuaye mpaka wa viwili hivyo. Kilimo chake, mifugo yake, bandari zake, hata rangi ya nguo zake, vyote vinazunguka hapo.

Turudi Lakhpat. Tawi la mashariki la mto Indus lilikuwa likishuka hapo, na mashamba ya mpunga yakinyweshwa na maji yake. Katika karne ya 18 watawala wa Sindh, upande wa juu, walijenga matuta wakaziba maji. Mpunga wa Kutch ukafa. Kisha, tarehe 16 Juni 1819, ardhi ikatetemeka. Upande mmoja ulididimia na bahari ikaingia. Ngome ndogo ya Sindri ikazama, na waliokuwamo wakapanda mnara wake, wakaokolewa kwa mashua. Upande wa pili ardhi iliinuka, ikafanya tuta la kilomita zaidi ya 80, mahali pengine likifikia mita 6. Watu walikuwa wamezoea matuta yanayojengwa na wafalme. Hili hakulijenga mfalme. Wakaliita Allah Bund, Tuta la Mungu. Mto haukurudi Lakhpat kama zamani.

Sasa itazameni Rann. Rann Kubwa kaskazini, Rann Ndogo mashariki: tambarare zilizoinuka kidogo tu juu ya usawa wa bahari. Kuanzia Juni upepo wa masika huyasukuma maji ya bahari yakapanda kupitia hori za pwani, na mito ya msimu ikamwaga ya kwake kutoka bara. Kutch hugeuka karibu kuwa kisiwa. Maji hayo ni ya kifundo cha mguu mahali pengi, ya goti mahali pengine. Mvua zikiisha, jua huyakausha, na inabaki chumvi nyeupe hadi upeo wa macho. Lakini angalieni: chini ya ule weupe kuna tope. Gamba la chumvi linaloonekana gumu huweza kumbeba mtu likashindwa na gari.

Katikati ya Rann Kubwa, juu ya kisiwa cha Khadir, kuna Dholavira, mji wa ustaarabu wa Indus, wenye umri wa kama miaka 5,000, ulioingia orodha ya Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2021. Kwa nini mtu ajenge mji mahali kama hapo? Waliujenga kati ya vijito viwili vya msimu, Mansar na Manhar, wakaviwekea vizuizi, wakayageuza maji ya mvua yaingie kwenye mabirika yaliyochimbwa na mengine kuchongwa mwambani. Birika moja la mashariki lina urefu wa mita 73, upana wa mita 29 na kina cha mita 10. Sehemu ya eneo lililozungukwa na ukuta ilitengwa kuwa ya kuwekea maji. Hao walijua wanakaa wapi.

Na elimu hiyo haikufa. Njooni Banni.

Banni ni uwanda wa nyasi wa kama kilomita za mraba 2,500 kati ya Bhuj na Rann Kubwa. Wakaao humo ni wafugaji, wengi wao Waislamu, waitwao Maldhari. Sikilizeni jina lenyewe: *mal* ni mifugo, *dhari* ni mwenye kushika. Neno *mal* ni lilelile letu la mali. Mwenye mali ni mwenye mifugo. Mvua ya wilaya haizidi sana milimita 400 kwa mwaka, tena mwaka mwingine hainyeshi. Chini ya ardhi maji ni ya chumvi. Wanakunywa nini?

Wanakunywa maji ya virda, na virda nataka muione kwa karibu. Wanatafuta bonde la kina kifupi ambapo mvua hutuama, huliita jheel. Bonde likishakauka juu, wanachimba ndani yake shimo la mita 3 hivi. Mbona ndani ya bonde, si kando? Kwa sababu hapo ndipo mvua imenywea kwa wingi, na maji baridi ni mepesi kuliko ya chumvi: yanaelea juu yake kama mafuta yanavyoelea juu ya mchuzi. Tabaka lenyewe ni jembamba, kama mita 1 tu. Kuta za shimo zinashikiliwa na magogo yaliyopangwa kwa miraba, mraba juu ya mraba, na nyuma ya magogo hushindiliwa nyasi, ili mchanga usiporomoke na maji yachujike yanapopenya. Kando ya mdomo wanafinyanga hori la udongo la kunyweshea wanyama, ili kwato zisikaribie shimo.

Virda huharibika vipi? Kwa pupa. Ukiteka haraka kuliko yanavyojaa, chumvi inapanda kutoka chini. Waalimu mnaijua hesabu hii kwa visiwa vyetu: pale maji baridi yanapoelea juu ya maji ya bahari, yakishuka mita 1 juu, mpaka wa chumvi hupanda kwa kama mita 40 chini. Ndiyo sababu kisima cha kisiwani kilicholisha mtaa kwa ndoo na kamba miaka nenda miaka rudi huja na chumvi kikifungiwa pampu. Maldhari hawana fomula hiyo ukutani, lakini wana ulimi. Maji yakianza kubadilika ladha, shimo linaachwa na lingine linafunguliwa ndani ya bonde lilelile. Masika yakija, mafuriko huyafunika yote kwa tope, na baada ya hapo kazi huanza upya.

Mifugo ya Kutch nayo imeumbika kwa chumvi hiyo. Nyati wa kufugwa wa Banni, mwenye pembe zilizojikunja, hulishwa usiku: jioni kundi linatoka lenyewe kwenda malishoni, alfajiri linarudi kukamuliwa, likiwa limekwepa jua. Mwaka 2010 alitambuliwa rasmi kuwa uzao wa pekee. Halafu yuko ngamia wa Kharai, aliyetambuliwa 2015. Huyu anaogelea. Ndiyo, ngamia anaogelea! Wachungaji wa jamii za Fakirani Jat na Rabari humvusha mkondo wa bahari hadi visiwa vya mikoko, ale majani ya mkoko siku kadhaa, kisha humrudisha bara kwa sababu kisiwani hakuna maji ya kunywa. Masika, madimbwi yakijaa mvua huko kisiwani, hukaa muda mrefu zaidi. Mkoko ukikatwa, au mkondo ukizibwa kwa ajili ya mashamba ya chumvi, ngamia huyo hana pengine pa kula.

Nimetaja mashamba ya chumvi. Gujarat ndiyo hutoa sehemu kubwa kabisa ya chumvi ya India, na Kutch imo ndani yake kwa njia mbili. Pwani ya Gandhidham huvuna maji ya bahari, kama wafanyavyo Gongoni na Ngomeni. Katika Rann Ndogo, ambayo Kutch inagawana na wilaya jirani, wavuna chumvi waitwao Agariya hawana bahari karibu. Wanachimba kisima mpaka kwenye maji ya chumvi kali iliyojificha ardhini. Huingia Rann mwezi wa Oktoba inapokauka. Kwanza hukanyaga sakafu ya shamba kwa miguu siku nyingi mpaka tope ligande lisinyonye maji; wakiharakisha hapo, maji yote hupotelea chini. Kisha maji hupitishwa birika hadi birika, yakizidi ukali. Maji ya bahari hupima kama digrii 3 hadi 3.5 kwa kipimo cha Baumé, kinachopima ukali wa chumvi. Chumvi huanza kuganda kwenye 25. Na ukiyaacha yapite 29 unapata uchungu wa magnesi, mnunuzi anakataa. Chumvi ikianza kuganda, shamba hupitiwa na reki kila siku, vinginevyo linakuwa bamba moja gumu kama sakafu. Mvua moja isiyo ya msimu mwezi wa Machi, na kazi ya miezi mitano inayeyuka mchana mmoja. Zamani sehemu kubwa ya mapato ilikwenda kwenye dizeli ya pampu. Sasa paneli za sola zimeingia, na hilo limewapunguzia mzigo kweli.

Kilimo nitakipita upesi. Kusini kuna pamba, nyonyo, karanga, uwele, bizari nyembamba, maembe na makomamanga. Ila tende lazima niwasimamishe. Tende za Oman tunazozijua huachwa mtini hadi zilainike. Za Mundra na Mandvi, zinazoitwa kharek, huvunwa Juni na Julai zikiwa bado ngumu, nyekundu au za manjano, kwa sababu zikingoja ziive, masika yanazikuta mtini na kuziozesha. Huliwa mbichi, zikilia mdomoni kama tufaha. Na tangu 2022 mfereji wa maji ya Narmada, wenye urefu wa kilomita 357, umefika hadi Modkuba, tarafa ya Mandvi. Wakulima wa upande huo wa kusini wamepata maji ya mto, jambo ambalo babu zao hawakuliona. Uwanda wa Banni hauko njiani mwake.

Bandari je? India ilipogawanywa 1947, Karachi ikabaki Pakistan, na India ikahitaji mlango mwingine upande huu. Hivyo ikakuzwa Kandla, na mji mpya wa Gandhidham ukajengwa kwa wakimbizi Wasindhi. Mwaka 1965 Kandla ilipata eneo la kwanza Asia la viwanda vya kuuza nje. Kisha ikaja Mundra, bandari ya binafsi iliyokua hadi kuzipita nyingi za serikali, na karibu yake mitambo miwili mikubwa ya umeme wa makaa ya mawe. Wavuvi wa hapo walilalamika kwamba maji ya moto yanayotoka kwenye mtambo mmojawapo na vumbi la makaa yameharibu uvuvi wao. Mtambo ulikuwa umekopeshwa fedha na Shirika la Fedha la Kimataifa, IFC. Wakalishtaki Marekani. Tarehe 27 Februari 2019 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kwamba shirika hilo halina kinga kamili dhidi ya mashtaka. Kesi yenyewe baadaye ilikwama katika mahakama za chini, lakini fikirini: wavuvi wa kijiji cha Kutch waliibadilisha sheria inayogusa mashirika ya kimataifa.

Ndugu zangu, kuna tarehe moja ambayo kila mtu wa Kutch ameishika: 26 Januari 2001, saa 2:46 asubuhi. Ilikuwa Siku ya Jamhuri. Tetemeko la ukubwa wa 7.7 lilianzia karibu na Bhachau. Katika wilaya hii na jirani zake walikufa watu kati ya 13,000 na 20,000. Huko Anjar watoto wa shule karibu 200 na waalimu wao walikuwa kwenye gwaride, wakipita kichochoro chembamba, majengo ya pande zote mbili yakawaangukia. Nawaomba waalimu mlikumbuke hilo mnapopanga njia ya gwaride au ya kutokea darasani.

Nyumba zipi zilianguka na zipi zikasimama? Zilizoanguka hasa ni za mawe yasiyochongwa, yaliyounganishwa kwa udongo na kubebeshwa paa zito. Zilizosimama kwa wingi ni bhunga, vibanda vya mviringo vya Banni. Ukuta wa mduara hauna pembe ambapo ufa huanzia. Paa ni la nyasi, jepesi. Mlango ni mmoja na madirisha madogo. Mtikisiko unaposukuma upande mmoja, duara lote linaubeba. Katika ujenzi mpya mafundi walitakiwa kutia mkanda wa zege wenye nondo unaozunguka nyumba nzima juu ya milango na madirisha, ili kuta nne zishikane kama bhunga ilivyoshikana.

Tetemeko liligusa hata nguo. Ajrakh, kitambaa chekundu na buluu cha mafundi wa jamii ya Khatri, kilikuwa kikitengenezwa Dhamadka. Kitambaa huoshwa, kikalowekwa kwenye mchanganyiko wa mafuta ya nyonyo, soda na kinyesi cha ngamia, kikaanikwa siku kadhaa. Hutiwa rangi ya manjano ya tunda la harde. Kwa muhuri wa mti, pande zote mbili, huchapwa mistari ya chokaa na gundi: hapo patabaki peupe. Weusi hutoka kwenye chuma chakavu kilicholowekwa na sukari guru hadi kitoe povu, kisha kikafanywa kizito kwa unga wa mbegu za ukwaju. Ukiharakisha kabla hakijachacha, weusi unakuwa kijivu. Shabu huchapwa pale patakapokuwa pekundu. Kitambaa kinazamishwa kwenye nili, kinaoshwa kwa maji yanayopita, kinachemshwa na mizizi ya rangi, na hapo tu wekundu unatokea. Sasa, maji yakiwa na madini ya chuma mengi, wekundu wote hufifia. Baada ya tetemeko maji ya Dhamadka yalibadilika hivyo. Mafundi wengi wakahama, wakaanzisha kijiji kipya karibu na Bhuj, Ajrakhpur. Mafundi hao walihamishwa na maji.

Na walioondoka kwa bahari? Mandvi, mdomoni mwa mto Rukmavati, hadi leo mafundi hujenga majahazi makubwa ya mbao ufukweni, wakiziba nafasi za mbao kwa pamba. Kutoka pwani hii ndiko walikotoka wengi wa tunaowaita Wahindi wa Pwani. Mfanyabiashara Tharia Topan alizaliwa Lakhpat ileile niliyoanza nayo. Jiwe la msingi la jengo lake pale Mizingani, Unguja, liliwekwa 1887, na tunaliita Dispensari ya Zamani. Alidina Visram alitoka kijiji cha Kera akiwa mtoto, akafungua maduka toka Bagamoyo hadi Uganda. Shule yenye jina lake iko Mombasa. Waashi wa jamii ya Leva Patel kutoka Madhapar na vijiji jirani walijenga sehemu kubwa ya Nairobi. Na Desemba 1971, katika vita vya India na Pakistan, uwanja wa ndege wa Bhuj ulipopigwa mabomu, ni wanawake wa Madhapar, 300 hivi, walioikarabati njia ya ndege kwa saa 72, wakiifunika kwa kinyesi cha ng'ombe isionekane kutoka angani.

Nimeacha la Banni la mwisho kwa makusudi, kwa sababu linatuhusu. Katika miaka ya 1960 idara ya misitu iliogopa kwamba chumvi ya Rann inasonga mbele, ikapanda mti mgeni uvumiliao chumvi. Wenyeji waliuita gando baval, yaani mgunga mwendawazimu. Watu wa Baringo, mnaujua? Ni mathenge! Mti uleule, uliopandwa Baringo, Kenya, miaka ya 1980 kwa nia njema ileile. Ng'ombe hula maganda yake matamu, mbegu zinapita salama tumboni na kuota ndani ya samadi. Wakila maganda matupu muda mrefu, ufizi na taya huharibika. Wafugaji wa Baringo walimpeleka mbuzi asiye na meno hadi mahakamani Nairobi kuonyesha. Banni nyasi zilirudi nyuma, na wafugaji wengi wakaacha ng'ombe wakashika nyati, anayeustahimili zaidi.

Je, unaondolewaje? Kuukata ni kuupogoa: unachipua matawi kumi. Lazima uchimbwe na shina lake la chini, kama sentimita 30 ardhini, kabla ya mvua. Kisha baada ya kila masika, miaka kadhaa mfululizo, miche mipya ing'olewe kwa mkono ikiwa bado laini, na mifugo iliyokula maganda isiingizwe hapo. Maganda yaokotwe na kusagwa, si kutwangwa juu juu: mbegu iliyovunjika haioti, na unga wake ni chakula kizuri cha mifugo ukichanganywa na majani mengine. Vijiji vya Banni vilivyofanya hivyo vimeona nyasi zikirudi. Waliochoma makaa wakaacha visiki, mti umewarudia mnene kuliko mwanzo.

Nimefika mwisho. Aliye na swali kuhusu virda au mathenge anyooshe mkono. Nyuma kule nimekuona, anza wewe.